Makaa Yanatoka Wapi? Kuielewa Riwaya ya Stimupanki kwa Vijana

Msomaji anayefungua kwa mara ya kwanza riwaya ya vijana ya aina inayoitwa stimupanki hukutana na mengi kwa mpigo: merikebu zinazoelea angani, mitambo ya shaba yenye magurudumu ya meno, binti wa miaka kumi na mitano mwenye grisi hadi viwikoni, majini au wanyama wasiojulikana, na vita vinavyofanana na vile vya vitabu vya historia ila havikuisha kama tunavyojua. Anaambiwa kuwa hii ni bunilizi ya kisayansi, naye anaona uchawi. Anaambiwa kuwa ni hadithi ya karne ya 19, naye anaona vitu ambavyo karne hiyo haikuwa navyo. Anaambiwa kuwa ni kitabu cha vijana, na kabla hajafika katikati mji mzima umekwisha kuteketea. Mkanganyiko huo una sababu. Kitabu kimoja kimebeba mambo matatu yenye asili na kanuni tofauti, yaani stimupanki, fantasia na riwaya ya vijana, na anayetaka kukielewa hana budi kuyatenganisha kwanza. Katika kuyatenganisha nitatumia swali moja ambalo naamini linafungua milango mingi kuliko mengine yote: mtambo huu unaendeshwa kwa nini, na ni nani anayelipa gharama yake?

Jina lenyewe si la zamani. Mwaka 1987 mwandishi wa Marekani K. W. Jeter aliandikia jarida la Locus, ambalo hufuatilia bunilizi za kisayansi na fantasia, akapendekeza neno la kuzikusanya pamoja kazi zake na za rafiki zake wawili, Tim Powers na James Blaylock, ambao wote walikuwa wakitunga visa vya ajabu katika Uingereza ya karne ya 19. Wakati huo hadithi za saibapanki, za kompyuta na wadukuzi, zilikuwa zimeshika chati, na Jeter aliiga jina hilo kwa nusu mzaha, akiweka "stimu", yaani mvuke, mahali pa "saiba". Mzaha huo ukanata.

Desturi yenyewe, hata hivyo, ni kongwe kuliko jina, na moja ya safari zake za mwanzo ilianzia Unguja. Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alitoa riwaya yake ya kwanza, inayosimulia jinsi Daktari Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy na mtumishi wao Joe walivyopaa kwa puto kutoka Zanzibar mwaka 1862 na kuvuka Afrika hadi Senegal kwa wiki tano. Fergusson amebuni kifaa cha kuipasha joto haidrojeni iliyomo ndani ya puto ili ipanuke na kulinyanyua, kisha ipoe na kulishusha, bila kupoteza gesi wala kutupa mizigo, na Verne anatoa hesabu za uzito na ujazo kwa subira ya fundi anayemwelekeza mwanafunzi wake. Hapo tayari upo moyo wa stimupanki, kwa maana msomaji anakubali kwamba chombo kingeruka kwa sababu ameonyeshwa hesabu. Lakini katika kitabu hichohicho wenyeji wa kisiwa wanasawiriwa wakitaka kuzuia safari kwa kuogopa kwamba puto lingedhuru jua na mwezi wanavyoviabudu, hata ikabidi lirushwe kutoka kisiwa kidogo cha jirani. Na linapofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, watu wanadhani mwezi wenyewe umeshuka duniani. Unguja ya mwaka 1862, chini ya Sultani Majid, ilikuwa na misikiti, wafanyabiashara wa kutoka pande zote za Bahari ya Hindi, manahodha waliosafiri kwa kufuata nyota, na masheikh wenye elimu ya falaki waliojua kuhesabu nyakati za sala na mwandamo wa mwezi. Verne alikuwa makini na ujazo wa gesi, na hakuwa makini na watu. Uangalifu kwa mtambo na uzembe kwa binadamu umeifuata aina hii ya fasihi kwa zaidi ya miaka 150, na kwa maoni yangu waandishi wake bora wa leo ni wale walioamua kuurekebisha.

Sasa tuitazame stimupanki yenyewe, kabla ya kuichanganya na chochote. Kanuni yake ni kubadilisha jambo moja katika historia ya viwanda, kisha kufuata matokeo yake popote yanapoelekea, hata pale yanapomkera mwandishi mwenyewe. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Charles Babbage, mwanahisabati wa Kiingereza aliyeanza mnamo mwaka 1822 kubuni mtambo wa magurudumu ya meno wa kukokotoa majedwali ya hisabati. Serikali ya Uingereza ilitumia zaidi ya pauni 17,000 katika mradi huo, na mwaka 1842 ikaachana nao kabla mtambo haujakamilika. Babbage alikuwa amekwisha kuchora mtambo mwingine mkubwa zaidi, ambao ungepokea maagizo kwa kadi zilizotobolewa matundu, na mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha maelezo juu yake, yakiwamo yale ambayo wengi huyahesabu kuwa programu ya kwanza ya kompyuta. Je, ingekuwaje kama mitambo hiyo ingekamilika? Swali hilo ndilo lililozaa riwaya ya William Gibson na Bruce Sterling ya mwaka 1990, ambamo Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria inaendeshwa kwa kompyuta za mvuke. Wahusika wake hawashangilii tu maendeleo, kwa kuwa dola yenye uwezo wa kuhesabu kila kitu ina uwezo pia wa kumfuatilia kila mtu.

Lililonivutia daima katika kisa hiki ni lile lililotokea mwaka uliofuata nje ya riwaya. Mwaka 1991, miaka 200 tangu Babbage azaliwe, Makumbusho ya Sayansi ya London yalikamilisha sehemu ya kukokotoa ya mtambo wake mmojawapo kwa kufuata michoro aliyoiacha, na mtambo ukafanya kazi. Ukijumlisha sehemu ya kuchapa iliyomalizika baadaye, una vipuri vipatavyo 8,000 na uzito wa tani 5 hivi. Maana yake ni kwamba ndoto ya waandishi haikuwa mbali na ukweli hata kidogo, kwani kilichokosekana katika karne ya 19 kilikuwa fedha, uvumilivu na maelewano baina ya mvumbuzi na mafundi wake. Stimupanki nzuri husimama katika mwanya huohuo mwembamba uliopo kati ya kilichotokea na kilichokaribia kutokea.

Merikebu ya angani, ambayo imekuwa kama nembo ya aina hii ya fasihi, ina kisa kinachofanana na hicho. Mwezi Septemba mwaka 1852 Mfaransa Henri Giffard alipaa kutoka Paris kwa chombo chembamba chenye urefu wa mita 44, kilichojazwa gesi na kusukumwa na injini ya mvuke yenye nguvu ya farasi 3 tu, akasafiri kilomita 27 hivi na kutua salama. Bomba la moshi alilielekeza chini ili cheche zisiifikie gesi iliyokuwa juu ya kichwa chake. Kurudi alikotoka hakuweza, kwa sababu injini haikuwa na ubavu wa kushindana na upepo. Tatizo hapo ni la mizani. Mita moja ya ujazo ya haidrojeni hunyanyua zaidi kidogo ya kilo 1, kwa hiyo boila, maji na makaa vyenye uzito wa tani 1 vinahitaji karibu mita za ujazo 900 za gesi kabla hajapandishwa abiria hata mmoja. Ndiyo sababu vyombo vya namna hii havikufaa kitu hadi zilipopatikana injini nyepesi za petroli, na Zeppelin ya kwanza, merikebu ya angani ya Kijerumani, iliruka mwaka 1900. Mwandishi anayetaka kujaza anga ya mwaka 1860 kwa merikebu za mvuke anapaswa kuujua ugumu huu, maana msomaji makini ataujua.

Hapa ndipo fantasia inapoingia, na inaingia kwa kazi maalumu, ambayo ni kuziba pengo ambalo fizikia imekataa kuliziba. Kenneth Oppel, mwandishi wa Kanada, katika riwaya yake Airborn ya mwaka 2004, alibuni gesi iitwayo hydrium, nyepesi kuliko haidrojeni, inayonukia kama maembe yaliyoiva. Harufu hiyo si pambo. Mfanyakazi wa chomboni anapoisikia pasipotarajiwa anatambua kwamba mfuko wa gesi umetoboka, na hatari inamfikia msomaji kupitia pua kabla haijaelezwa kwa maneno. Oppel amedanganya mara moja tu, amedanganya mapema, kisha akautii uongo wake hadi ukurasa wa mwisho. Hiyo ndiyo nidhamu ambayo fantasia inadai. Kitu cha kubuni kikisharuhusiwa kuwamo, lazima kiwe na mipaka inayojulikana, la sivyo kila shida itatatuliwa kwa muujiza, na hakuna kijana atakayesumbuka kuhofia maisha ya mhusika ambaye muujiza unamsubiri.

Scott Westerfeld alilifanya pengo hilo kuwa mgogoro wenyewe wa hadithi. Katika Leviathan, iliyotoka mwaka 2009, Vita vya Kwanza vya Dunia vinakaribia kati ya mataifa yanayotegemea mashine zinazotembea kwa miguu ya chuma na mataifa yaliyojifunza kuunganisha chembe za uhai za wanyama na kuumba viumbe vya kazi, kikiwamo chombo kikubwa cha angani kilicho hai, chenye asili ya nyangumi. Upande mmoja unawaona wenzao wanakufuru, na upande wa pili unaona mashine za wenzao ni madude ya moshi yasiyo na roho. Kwa kuwa kila upande una teknolojia inayojitosheleza, yenye chakula chake, uchafu wake na udhaifu wake, msomaji hawezi kusema kwa haraka nani yuko sahihi. Naye P. Djèlí Clark, katika visa vyake vilivyowekwa Cairo ya mwaka 1912, ameyaleta majini ulimwenguni kupitia mlango uliofunguliwa na mtu wa ajabu miongo kadhaa kabla, na kwa ujuzi wa majini hao Misri ikawafukuza Waingereza na kuwa dola yenye nguvu. Vitabu vya Clark vinalenga zaidi watu wazima. Navitaja kwa kuwa vinaonyesha jambo ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atalitambua mara moja. Majini wake wana kabila, tabia na kazi za kufanya, na wanaishi mtaa mmoja na watu, kama wanavyosimuliwa katika hadithi ambazo wengi wetu tulikua nazo.

Jambo la tatu, riwaya ya vijana, ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Wako wanaodhani ni riwaya ya watu wazima iliyopunguzwa maneno magumu. Katika soko la vitabu la Marekani na Uingereza rafu hiyo inalenga wasomaji wa takriban miaka 12 hadi 18, lakini kinachoitofautisha zaidi ni mahali msimuliaji aliposimama. Mhusika mkuu ana miaka kumi na minne au kumi na saba, na hajui kinachokuja. Anayaona maamuzi ya wakubwa yanapomfikia yeye, na bado hajakubali kwamba mambo lazima yawe kama yalivyo. Mtu mzima akisimulia ujana wake, amekwisha kujua mwisho. Kijana anayesimulia leo anaingia chumbani bila kujua mlango utafungwa nyuma yake. Kwa sababu hiyo riwaya za namna hii huenda mbio, na sura zake huishia mahali pabaya kwa makusudi.

Stimupanki na ujana vinapatana kwa sababu ya kihistoria ambayo wachambuzi wengi huipita upesi. Katika karne ya 19 kijana wa miaka kumi na minne kwenye chumba cha injini hakuwa jambo la kubuniwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1833 iliruhusu watoto wa miaka 9 kufanya kazi katika viwanda vingi vya nguo, na ile ya mwaka 1842 iliyowatoa wanawake na watoto katika migodi ya chini ya ardhi iliwazuia wavulana walio chini ya miaka 10 tu. Jeshi la wanamaji lilikuwa na wavulana wanaojifunza uofisa wakiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Katika hadithi ya siku zetu mwandishi analazimika kutafuta kisingizio cha kumtoa kijana shuleni ili apate mkasa, lakini katika dunia ya mvuke kijana amekwisha kuajiriwa, ana msimamizi mkali, ana ujira mdogo na anajua kushika spana. Wasichana walifungiwa milango mingi ya kazi hizo, na ndiyo sababu hila ya binti kujigeuza mvulana imekuwa ya kawaida katika vitabu hivi. Deryn Sharp wa Westerfeld anaingia katika kikosi cha anga cha Uingereza kwa njia hiyo, na usiri wake unakuwa mzigo katika urafiki wake na Alek, mwanamfalme aliye mafichoni. Nakiri kwamba wana wa wafalme waliopotea wamenichosha. Mwanagenzi ana mengi zaidi ya kutufundisha, kwa maana hana urithi unaomngoja, na anachokijua amekipata kwa mikono yake.

Kwa kuwa ujuzi wa mikono ndio msingi wa mhusika huyo, ubora wa kitabu unaweza kupimwa kwa namna kinavyoeleza kazi yenyewe. Tuchukue boila ya garimoshi. Ndani yake kuna tanuri lililozungukwa na maji pande zote isipokuwa chini, na dari la tanuri hilo ni bamba la chuma ambalo juu yake yamekaa maji. Maadamu maji yanalifunika, joto la moto linahamia kwenye maji na bamba linabaki salama. Maji yakipungua hata bamba likawa wazi, chuma hupata moto kupita kiasi, hulegea, na shinikizo la mvuke hulisukuma chini hadi lipasuke. Maji yaliyosalia, ambayo yalizuiwa tu na shinikizo yasichemke yote kwa pamoja, hugeuka mvuke kwa kishindo, na mvuke katika hewa ya kawaida huchukua nafasi kubwa kuliko maji yake mara 1,600 hivi. Ndiyo maana mbele ya dereva na mchochea makaa kuna kijibomba cha kioo kinachoonyesha kina cha maji, na katika dari la tanuri huwekwa kizibo chenye kiini cha madini ya risasi ili kiyeyuke mapema, mvuke upenye na kuwaonya. Hebu mfikirie binti wa miaka kumi na mitano aliyeachwa peke yake na kioo hicho kwenye mlima, garimoshi likiwa limeinama hata maji yamekimbilia upande mmoja, na kioo kinaonyesha kina ambacho si cha kweli. Hakuna zimwi linalohitajika hapo, kwa maana sayansi ya kweli imekwisha kutoa hofu ya kutosha sura nzima.

Boila baridi ya garimoshi kubwa huhitaji saa kadhaa za kuchochewa kabla haijawa na shinikizo la kutosha kuliondoa kituoni, na nikikutana na mhusika anayerukia ndani ya garimoshi lililozimwa akalitimua papo hapo mbele ya maadui, huwa najua kwamba mwandishi amelitumia kama gari la kisasa lenye bomba la moshi. Mwandishi mwingine angeuona muda huo kuwa zawadi, kwa kuwa moto ungelazimika kuwashwa usiku wa manane, moshi ungeonekana kwa walinzi, na watoto wawili wangekuwa na saa nne za kubishana juu ya kukimbia au kubaki. Aliyeko Nairobi anaweza kwenda Makumbusho ya Reli akasimame kando ya garimoshi la daraja la 59, mojawapo kati ya 34 yaliyotengenezwa na Beyer, Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950, lenye uzito wa tani 252. Hayo yalichoma mafuta mazito, si makaa, lakini mtu akikaribia magurudumu yake ataelewa kwa nini kitu hiki hakiondoki kwa pupa.

Turudi sasa kwenye swali la gharama, kwa maana hapa ndipo stimupanki imegawanyika pande mbili. Upande mmoja umeipenda karne ya 19 kwa mapambo yake, yaani miwani ya mafundi, kofia ndefu, saa za mfukoni na chai ya alasiri, bila kuuliza pamba ya nguo hizo ilivunwa na nani na mpira wa mabomba ulitoka msitu gani. Upande wa pili umeuliza. Philip Reeve, katika Mortal Engines ya mwaka 2001, alilijibu swali hilo kwa taswira moja ya kutisha: miji yote imewekwa juu ya magurudumu na kuzunguka katika nchi iliyokauka ikiwindana, mji mkubwa ukiumeza mdogo, ukiuvunja kwa ajili ya vyuma na mafuta yake na kuwatumikisha watu wake. Riwaya hiyo haikuwekwa enzi ya Victoria, bali maelfu ya miaka mbele yetu, na wapo wanaokataa kuiita stimupanki kwa sababu hiyo. Mimi naihesabu, kwa kuwa inauliza swali la makaa kuliko nyingi zenye kofia ndefu, na inaliuliza kupitia kijana Tom, mwanagenzi wa wanahistoria, aliyelelewa kuamini kwamba London kumeza miji mingine ni jambo la haki na la asili.

Kongo ndiko swali hilo linakopata uzito wake wote. Kati ya mwaka 1885 na 1908 nchi hiyo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na watu walilazimishwa kukusanya utomvu wa mpira kwa mateso, utekaji wa wake zao na kukatwa mikono. Mpira huo ulikwenda kwenye matairi, mikanda ya mashine na mabomba ya viwanda vya Ulaya, yaani kwenye vitu vilevile ambavyo stimupanki hupenda kuvionyesha vikimeremeta. Nisi Shawl, mwandishi wa Marekani, alitoa mwaka 2016 riwaya iitwayo Everfair, ambamo wanamageuzi wa Uingereza na Wamarekani weusi wananunua ardhi kutoka kwa Leopold na kuanzisha humo nchi ya kimbilio, wakashirikiana na kugombana na Waafrika wenye ardhi hiyo. Waliokatwa mikono wanatengenezewa mikono ya chuma. Mapambo ya shaba ambayo vitabu vingine huyavalisha mabega ya mashujaa kwa urembo, hapa yamewekwa kwenye kidonda halisi. Hicho nacho si kitabu cha vijana kwa rafu yake, lakini kijana wa miaka kumi na saba anaweza kukisoma, na sioni kingine kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba aina hii ya fasihi inaweza kusema ukweli.

Kwa mwandishi wa Kiswahili hazina ya matukio halisi ni kubwa, na mengi hayahitaji kuongezwa chumvi. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikakongolewa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa hadi Kigoma, ambako iliungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 imeitwa Liemba. Katika vita hivyohivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walisafirisha boti mbili zenye urefu wa mita 12 hivi, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kisha wakazivuta juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na maksai hadi Ziwa Tanganyika, ambako mwezi Desemba 1915 ziliikamata boti ya Kijerumani Kingani. Mwezi Novemba 1917 Zeppelin L 59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na shehena ya kumpelekea Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu. Haikukusudiwa kurudi, kwa kuwa kitambaa chake kilipangwa kuwa mahema na mavazi. Iligeuziwa njia karibu na Khartoum na kurejea baada ya saa 95 angani na kilomita zaidi ya 6,700. Mwandishi anahitaji kubadilisha jambo moja tu, ujumbe wa redio usifike, na merikebu ya angani itashuka katika nyanda za kusini mwa Tanzania mbele ya wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini mwao. Je, ni mboni za nani tutazitumia kuitazama?

Unguja ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, inafaa zaidi kwa stimupanki, na kwa sababu hiyohiyo ina mitego zaidi. Barghash alinunua meli za mvuke zilizobeba abiria na bidhaa hadi Bombay, akaleta mjini maji ya bomba, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuja kujulikana kwa taa za umeme na lifti. Meli yake Glasgow ilidumu hadi tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolishambulia kasri ili kumwondoa Khalid bin Barghash, aliyekuwa ametwaa kiti cha usultani bila ridhaa yao, wakaizamisha bandarini katika vita vilivyokwisha chini ya saa moja. Badiliko linajipendekeza lenyewe, nalo ni kwamba Glasgow ina boila bora, mizinga bora na kijana hodari chini kwenye injini, na siku hiyo inashinda. Lakini makaa ya mawe hayachimbwi Unguja, kwa hiyo lazima yaletwe kwa meli na kupakuliwa na vibarua, na fedha za kuyanunulia zinatoka kwenye karafuu, na karafuu mwaka 1896 bado zinachumwa na watumwa. Amri ya kuondoa utumwa ilitiwa saini na Sultani Hamoud bin Mohammed mwezi Aprili 1897, chini ya shinikizo la Waingereza walewale waliomweka madarakani. Glasgow ikishinda, amri hiyo haitatoka kwa njia hiyo wala katika mwaka huo. Ikiwa kijana wa chumba cha injini ni mtoto wa mama anayechuma karafuu, kila koleo la makaa analolitupa tanurini linaurefusha utawala wa wanaommiliki mama yake, na akiacha kuchochea anaikabidhi bandari kwa mizinga ya wageni. Mwandishi atakayeishika hadithi hiyo atalazimika kuamua ni nani atakayeutangaza uhuru wa mama huyo, lini, na kwa nguvu ya nani.